Bluetooth: kuizima au kuiacha wazi?

Wapo wanaoshauri Bluetooth izimwe muda wote kwa kuwa ni mlango wa wadukuzi, na wapo wanaoiacha wazi kutwa kucha wakiamini kwamba mawimbi ambayo kwenye simu nyingi huishia kama mita 10 hayana madhara. Hoja zote mbili zina uzito, lakini mtengenezaji wa kifaa hatajwi kabisa, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kuulizwa kwanza.

Kazi ya kuibuni Bluetooth ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Lund, Sweden, na mwaka 1998 Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakajiunga nayo kusimamia kiwango kimoja. Masafa yake ya gigahezi 2.4 hayahitaji leseni, na hapo ndipo unafuu wake ulipo. Kabla vifurushi vya intaneti havijashuka bei, nyimbo zilisambaa mitaani kwa njia hii: simu mbili zinalazwa mezani zikiwa zimegusana, mmoja anatuma, mwenzake anakubali, na salio la mtu haliguswi. Toleo la 4.0 la mwaka 2010 lilipunguza sana matumizi ya umeme, na leo mgonjwa wa kisukari anaweza kubandika kihisi mkononi kikawa kinapeleka vipimo vya sukari kwenye simu yake bila waya.

Hata hivyo, wenye hofu hawajazua jambo. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Armis walionyesha, katika udhaifu walioupa jina BlueBorne, kwamba simu iliyowashwa Bluetooth ingeweza kutekwa bila mwenyewe kukubali ombi lolote. Ni kweli kwamba mshambuliaji alipaswa kuwa karibu na kwamba marekebisho yalitolewa, lakini hayakuzifikia simu ambazo watengenezaji wake walikwisha kuacha kuzihudumia, zikiwemo nyingi za bei nafuu na za mitumba tunazonunua sisi.

Kumshauri mwenye simu hiyo azime Bluetooth awapo kwenye msongamano ni sawa, ila ushauri huo haumfai yule ambaye kipimo chake cha sukari kinaitegemea. Uingereza, tangu Aprili 2024, inawalazimisha watengenezaji kutangaza kifaa kitapokea masasisho ya usalama hadi lini, na tarehe hiyo ingepaswa kusomeka pia kwenye boksi la simu inayouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kabla mnunuzi hajatoa pesa yake.