Ramani ya mchezo: ukodi kwenye kivinjari au ununue iwe yako?

Mtu akianza kuongoza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya dadu na karatasi iliyoenea tangu Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, hachelewi kuuliza: ramani nichoree wapi? Hapo hupata majibu ya kambi mbili zisizopatana. Ya kwanza humwambia afungue Inkarnate kwenye kivinjari, alipie kwa mwezi au kwa mwaka, na jioni hiyohiyo awe na bara zima. Ya pili humwambia alipe mara moja, dola 30 hivi kwa Wonderdraft, aiweke kwenye kompyuta yake, asidaiwe tena na mtu. Ubishi wenyewe huishia kwenye bei na uzuri wa picha. Kwangu, la kwanza kuuliza ni kama ramani hiyo utaihitaji wiki mbili au miaka mitano.

Tuwape haki yao wanaokodi. Inkarnate haihitaji kompyuta ya maana sana, haina cha kusakinisha, na unaweza kuanza kazi kwenye mashine ya ofisini ukaimalizia nyumbani. Maktaba yake ya picha ni kubwa na inaendelea kuongezwa, kwa hiyo anayelipa mwaka huu anapata vitu ambavyo mwaka jana havikuwepo. Toleo la bure lipo, na linatosha kumwonjesha mtu. Kwa anayeanza, ambaye hajui hata kama kundi lake litafika kikao cha tatu (na makundi mengi hayafiki), kutoa dola 30 kwa mkupuo ni ujasiri usio na sababu. Kukodi kunamfaa.

Tatizo linaanza kundi likidumu. Ramani ya dunia ya mchezo haimaliziki: wachezaji wanachoma mji, unaufuta, wanavuka mto usioupa jina, inabidi uupe. Kila badiliko linakurudisha kwenye faili lako la kazi, na faili hilo linakaa kwenye seva ya watu. Ukiacha kulipia, picha uliyokwisha kupakua ni yako, lakini uwezo wa kuihariri kama ulivyozoea unategemea masharti ya toleo la bure siku hiyo. Toleo la bure lina maktaba ndogo, halitoi picha kubwa, na halikuruhusu kuuza ulichochora. Na huduma za kivinjari zina historia yake. Flash, programu iliyoendesha michezo mingi ndani ya vivinjari, ilipofungwa mwishoni mwa 2020, michezo na vifaa vilivyojengwa juu yake vilizimika vyote kwa pamoja, vizuri na vibaya. Sisemi Inkarnate itafuata njia hiyo. Nasema siku ya kuhama haichagui mpangaji.

Halafu kuna bando. Kivinjari kinachovuta picha nzito kinakula data, na mtandao ukiyumba katikati ya kazi unabaki unatazama duara linalozunguka. Wonderdraft haijali. Umeshaipakua, unachora hata ukiwa safarini ndani ya basi, mradi betri ipo.

Hata hivyo upande wa kununua haukosi dosari, na mashabiki wake huzipita haraka. Wonderdraft na ndugu yake Dungeondraft, ya kuchorea vyumba na mapango, ni kazi ya mtengenezaji anayejulikana kwa jina la Megasploot. Hii si kampuni yenye ghorofa la wafanyakazi, kwa hiyo usitarajie kipengele kipya kila mwezi. Unachonunua ndicho utakachokuwa nacho, na kompyuta yenye kadi dhaifu ya picha italalamika ramani ikijaa miti. Maktaba inayokuja nayo ni ndogo. Uzuri mwingi unaouona kwenye ramani za watu umetokana na vifurushi vya picha vilivyochorwa na wengine, baadhi bure, baadhi kwa pesa. Anayejumlisha kwa haki ahesabu na hivyo.

Lakini ni hapohapo kwenye maktaba ambapo mizani inaniegemea upande wa kununua. Chukua msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, anayetaka kisa chake kitokee kwenye dola ya kisiwani inayofanana na Kilwa ya karne ya 14. Atafungua programu yoyote kati ya hizi na kukuta misonobari, milima yenye theluji, ngome za Ulaya zenye minara iliyochongoka, na meli za matanga ya mraba. Mikoko ni ya kutafuta. Mbuyu labda. Jahazi lenye tanga la pembetatu, nyumba za mawe ya matumbawe, paa la makuti: asipovikuta, ajichoree. Wonderdraft inampa folda ya kuweka picha zake mwenyewe; anachora mbuyu kwenye Krita au GIMP, programu za picha za bure, anauhifadhi kama faili la picha la PNG lisilo na rangi nyuma ya mchoro, na unaingia kwenye orodha pamoja na mingine. Inkarnate nayo inapokea picha za mtumiaji, ila hiyo ni haki ya anayelipa. Kwa maneno mengine, anayechora dunia isiyofanana na Ulaya ya zama za kati ndiye anayelazimika kulipa kodi daima ili vitu vyake vionekane.

Ramani za mapigano, zile za chumba kimoja au pango, zina hesabu tofauti kabisa. Hapa mraba mmoja ni futi 5 za ndani ya hadithi, na ni inchi moja ukichapa kwenye karatasi. Ukumbi wa miraba 30 kwa 20 ukiupeleka kwenye meza ya mtandaoni kama Foundry, inayoanza na pikseli 100 kwa mraba, unahitaji picha ya pikseli 3,000 kwa 2,000. Hilo halimshindi mtu. Ukumbi huohuo ukitaka kuuchapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, picha inapanda hadi 9,000 kwa 6,000, na karatasi za A4 za kuunganisha kwa gundi hazipungui nane. Wengi hugundua hili usiku wa kuamkia kikao, mbele ya printa. Kwa hiyo kabla ya kupenda programu, jua kundi lako linacheza wapi. Kwa wanaocheza mtandaoni, Dungeondraft, dola 20, ina jambo moja linalookoa muda mwingi: inatoa faili lenye kuta, milango na taa ndani yake, na Foundry kwa msaada wa moduli, yaani programu ya nyongeza, inalisoma, hivyo mchezaji haoni kilicho nyuma ya ukuta bila wewe kuuchora ukuta mara ya pili.

Ina usumbufu wake. Husuni Kubwa, jumba la sultani pale Kilwa Kisiwani, lina bwawa la pembe nane, mahali pazuri mno pa kuweka mapigano. Jaribu kulichora huku programu ikinasa kila nukta kwenye miraba. Bwawa la upana wa miraba 8 lenye pande sawasawa linataka kila pembe ikatwe miraba 2.34. Ukikata 2, pande nne zinakuwa na urefu wa 4 na zile za mshazari 2.8, na bwawa linaonekana kama mraba uliochongwa pembe. Dawa ni kuzima unasaji na kutegemea jicho. Kusema kweli, mchezaji anayekimbizwa na jini hatapima.

Campaign Cartographer ya ProFantasy, programu nyingine ya ramani ya kununua, siipi aya ndefu. Ipo tangu 1993 na bado inauzwa. Ni ya Windows tu, imejengwa juu ya injini ya programu za wasanifu majengo, na ukitaka kufuta mti unachagua kwanza amri, kisha mti, kisha unabofya kulia na kuiambia itekeleze. Aliyezoea AutoCAD atajisikia nyumbani. Wengine wataacha wiki ya kwanza.

Kinachosahaulika kwenye ubishi huu ni Azgaar's Fantasy Map Generator, ya bure, yenye msimbo wazi, inayofanya kazi kwenye kivinjari na kukuachia faili la ramani ulihifadhi kwako. Ndani ya sekunde chache inakupa mabara, mito, falme, dini, hata majeshi. Majina inayaunda kwa kuiga mpangilio wa herufi katika orodha za miji halisi, na mojawapo ya orodha hizo imeitwa ya Kiswahili. Ukiifungua unakuta Adjumani ya Uganda pamoja na Arusha, kwa hiyo miji inayozaliwa ina sauti ya ukanda mzima kuliko ya pwani. Orodha inaharirika. Weka Kilwa, Pate, Gedi, Shanga, Kunduchi na wenzao, na majina mapya utakayoyazalisha yatafuata sauti hizo. Picha zake ni kavu, sikatai, na hapo ndipo wapenda uzuri wanapoikimbia.

Ningeanzia hapo lakini: dunia izaliwe Azgaar bila senti, vikao vya mwanzo vipite na ramani hiyohiyo kavu. Kundi likishikamana, nunua Wonderdraft uichore upya kwa mkono wako, na Dungeondraft kama mnacheza kwenye skrini. Inkarnate niibakize kwa mwenye kisa kifupi chenye mwisho unaojulikana, au mwenye kompyuta isiyobeba programu nzito. Huyo alipie mwezi mmoja, apakue kila kitu kwa ukubwa wa juu, kisha asitishe malipo kabla mwezi wa pili haujaanza kuhesabiwa.