Toba ya Muuzaji Asiyejua Amemwibia Nani

Katika nchi ya Israeli chini ya Warumi, wapo wauza duka waliokuwa wakiwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu, bure kabisa. Mtoto aliyetumwa mafuta alilipita duka la karibu akakimbilia lenye njugu. Wanazuoni wa Kiyahudi walibishana juu ya jambo hilo, na ubishi wao umehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mnamo mwaka 200 BK. Rabi Yehuda alikataza: huyo anawazoesha watoto kwake na kuwakatia wenzake riziki. Wenzake wakaruhusu. Talmudi, mkusanyo wa baadaye wa mijadala juu ya Mishna, inaeleza sababu: anayelalamika naye ana uhuru wa kugawa chake. Hata anayeshusha bei, wakasema, akumbukwe kwa wema.

Niko upande wa walioruhusu. Njugu alizopewa mtoto amezila, zimekwisha, hakuna aliyedanganywa. Mishna hiyohiyo inamtaka muuzaji aachie mizani ielemee upande wa mnunuzi, na pale ambapo desturi ni kupima sawasawa, aongeze kidogo juu: sehemu moja ya kumi kwa vitu vya majimaji, moja ya ishirini kwa vikavu. Kila aliyewahi kumwambia mama wa sokoni "niongezee" anaijua nyongeza. Kwa Wayahudi wa wakati ule ilikuwa sheria.

Kinachonikera ni bure isiyo bure. Talmudi inakataza kumfungulia mgeni pipa la divai ambalo tayari umeshamuuzia muuza duka, kwa sababu mgeni atadhani umeligusa kwa heshima yake na atajiona ana deni la shukrani kwako. Inakataza pia kumsisitiza mtu aje kula kwako hali unajua fika kwamba hatakuja. Hapo hakuna hata senti iliyopotea, lakini Samueli, mwalimu mkubwa wa Babeli, alisema ni haramu kumghilibu mtu namna hiyo, awe Myahudi au asiwe. Na katika orodha ya kale ya wezi wa aina saba, wa kwanza kutajwa ni anayeiba akili za watu. Anawatangulia hata wenye kudanganya kwenye vipimo.

Sasa tazama madukani. Bei inapandishwa wiki moja kabla ili "punguzo" lipate pa kushukia. "Nunua moja upate moja" inabandikwa kwenye bidhaa ambayo bei yake imeshabeba zote mbili. Chupa inapungua ujazo kimyakimya, kisha inaandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna zawadi. Sisemi kila ofa ni wizi. Zipo za kweli, na mwenye nazo apate wateja wake kwa haki. Lakini hizi nilizozitaja naziita uhalifu, hata kama hakuna polisi atakayekuja.

Wanafunzi wa Rabani Yohanani ben Zakai walimuuliza kwa nini Torati inamtoza mwizi mara mbili ya alichoiba, ilhali mnyang'anyi anarudisha kile alichochukua tu. Akajibu kwamba mnyang'anyi hamjali Mungu wala hawajali watu, kwa hiyo angalau hajawatukuza watu kuliko Mungu. Mwizi anajificha macho ya watu, halafu anatenda kana kwamba Jicho la juu halioni. Nikisoma hapo siwezi kuacha kufikiria watu wanaokaa ofisini wakipanga maneno ya tangazo ili mteja asigundue.

Basi mwizi wa namna hiyo akitaka kutubu, afanyeje? Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, Wayahudi hufunga kwa saa kama 25, bila chakula wala maji, wakikiri makosa sinagogini. Mtu wa nje angedhani hapo ndipo kila kitu kinapofutwa. Mishna inasema wazi kwamba sivyo. Makosa kati ya mtu na Mungu, siku hiyo huyapatanisha. Makosa kati ya mtu na mwenzake, haiyapatanishi mpaka amridhishe mwenzake. Musa bin Maimun, mwanazuoni na tabibu mzaliwa wa Cordoba aliyefariki Misri mwaka 1204, alikaza zaidi: hata ukirudisha fedha yote, bado unatakiwa uende ukamwombe radhi. Akikataa, urudi na rafiki zake watatu. Akikataa tena, mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo mwache, na dhambi sasa ni yake aliyekataa kusamehe.

Naupenda ukali huo kwa pande zote mbili. Mkosaji hawezi kumruka aliyemkosea akaenda kupatana na Mungu pembeni. Aliyekosewa naye hana ruhusa ya kuikalia hasira yake milele.

Ukubwa wa kitu hauhesabiwi. Aliyempora mwenzake kitu cha thamani ya peruta moja, sarafu ndogo kuliko zote, kisha akaapa kwa uongo kwamba hanacho, akija kukiri lazima amfuate mwenyewe akampe mkononi, hata kama amehamia Umedi, mbali sana, katika nchi tunayoiita leo Irani. Tena aongeze sehemu ya tano. (Wanazuoni waliihesabu hiyo kwa namna ya kumbana mkosaji: aliyepora nne hulipa tano.)

Fikiria sasa aliyepunja watu elfu kumi, kila mmoja kidogo. Atamfuata nani Umedi? Hapa ndipo Rabi Levi alipotoa neno lake kali kuliko yote ninayoyajua katika mlango huu: adhabu ya vipimo vya uongo ni nzito kuliko ya zinaa za maharimu, kwa kuwa zile zina toba na hii haina. Wafafanuzi wanaeleza kwamba mwenye mizani mbovu hajui amemwibia nani, kwa hiyo hana wa kumrudishia. Wateja walikuja, wakapimiwa, wakaondoka na vikapu vyao.

Talmudi haikumwacha hivyohivyo. Wachungaji waliolisha mashamba ya watu na watoza ushuru waliozidisha, nao walikuwa katika shida hiyohiyo. Wanaowajua, wawarudishie. Wasiowajua, fedha iende kwenye mahitaji ya umma, yaani visima, mitaro na mapango ya kuhifadhia maji, kwa matumaini kwamba katika watakaokuja kuchota, watakuwamo walioibiwa.

Kwa hiyo ninapoona kampuni iliyonaswa ikipunja wateja inatangaza "ofa ya shukrani", naona imegeuza mambo kichwa chini. Inagawa kama mfadhili kile inachodaiwa kama mwizi, na mteja anaondoka akishukuru. Hilo ni pipa la divai lilelile. Ikitaka kuchimba kisima, ichimbe, lakini kibao kiseme fedha ilitoka wapi.

Kuna upande wa pili ambao ningekosa haki kuuacha. Sheria hiihii iliogopa kumfungia mkosaji mlango. Mtu mmoja alitaka kutubu, mkewe akamwambia: mpumbavu we, ukitubu hata huo mkanda uliovaa si wako. Akaghairi. Ndipo wanazuoni wakafundisha kwamba wanyang'anyi wakija kurudisha, wasipokelewe mali ile, wasije wakakata tamaa. Na aliyejenga nyumba kwa boriti ya wizi halazimiki kuibomoa. Alipe thamani ya boriti. Nimejaribu kuipinga huruma hiyo, kwa ajili ya mwenye boriti, na nimeshindwa, kwa sababu anayeambiwa abomoe nyumba nzima hatakiri kamwe.

Huku kwetu yuko mkosaji mmoja ambaye hana kisingizio cha kutowajua watu wake. Ni mnunuzi wa lumbesa. Gunia linajazwa kupita mdomo, linaongezewa kichwa na kufungwa kwa kamba, kisha mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza, nayo bado inaonekana. Ile nyongeza ambayo Mishna ilimtaka muuzaji aitoe mwenyewe, hapa inakamuliwa kwa nguvu kutoka kwa mtu ambaye mazao yake yataoza asipouza leo. Na mnunuzi anaijua njia ya kijijini, anajua majina, mara nyingi namba za simu anazo. Hahitaji kuchimba kisima. Apige hesabu ya vile vichwa vya magunia, aongeze sehemu ya tano, apande gari, aombe radhi mlangoni.

Mkulima akishapokea na kusamehe, kijiji nacho kina sehemu yake. Mishna hiyohiyo inayokataza kumuuliza muuzaji bei hali huna nia ya kununua, inaendelea palepale na kukataza kumwambia aliyetubu: kumbuka ulivyokuwa ukifanya. Akirudi msimu ujao na gunia la kilo halali, auziwe kama wanunuzi wengine, na asiwepo wa kumwita mtu wa lumbesa.