Mpango wa usafiri upimwe pale abiria anapobadilisha gari

Karibu kila mpango wa usafiri wa umma wa mkoa siku hizi unaahidi kwamba basi, treni na baiskeli vitafanya kazi kama mtandao mmoja. Kuahidi si kazi. Kazi ni kupima kama ahadi imetimia, na hapo mipango mingi inapwaya.

Chukua suala la kuwahi. England, basi likichelewa chini ya dakika 6 huhesabiwa kuwa limewahi. Sasa kuna abiria mwenye dakika 4 za kushuka, kuvuka barabara na kudaka treni. Basi lake limechelewa dakika 5. Kwenye ripoti mambo ni shwari. Yeye kaachwa, na kama treni inayofuata ni ya saa ijayo, atakaa hapo karibu saa nzima. Ukipima gari mojamoja, abiria huyu humuoni.

Uswisi walianza na kuunganisha. Tangu 1982 treni zao hufuata ratiba inayojirudia kila saa. Baadaye, kupitia mradi wa Bahn 2000 uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1987, safari ya Zürich hadi Bern ilishushwa chini ya saa moja. Hawakuwa wanatafuta sifa ya mwendo kasi. Walitaka treni ziingie vituo vikuu muda mfupi kabla ya saa kamili na kutoka muda mfupi baada yake, zikutane, watu wahamie.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Mtandao wa kuunganisha hula njia za moja kwa moja. Mzee mwenye mkongojo hafurahii kusikia kwamba safari imepungua dakika kadhaa ikiwa sasa lazima ashuke na kupanda tena, mvua inanyesha. Na treni ikisubiri basi lililochelewa, waliomo ndani nao wanakosa magari yao huko mbele.

Kwangu, jibu liko kwenye idadi ya magari. Basi likipita kila dakika 10, huna haja ya kuhangaika kulinganisha ratiba. Tiketi moja na kituo chenye paa vinatosha. Likipita mara moja kwa saa, muda wa kuunganisha ndio kila kitu. Cha ajabu, mipango mingi hukimbilia kadi ya nauli mikoa yote, iwe na mabasi mengi au machache. (Kadi ina uzinduzi na picha. Ratiba haina.)

Kwa hiyo nikipewa mpango wa mkoa, ningeanza na safari ya mwisho ya usiku. Basi limechelewa, treni ya mwisho imeondoka. Je, imeandikwa ni nani anamfikisha abiria huyo nyumbani, na kwa gharama ya nani?