Megapikseli 200 si dawa ya giza
Kuna makala inasema eti simu ikiwa na kamera ya megapikseli 200 basi picha za usiku lazima ziwe kali, hapo mwandishi wake katuingiza chaka. Mi natengeneza simu, kamera nimezifungua nyingi tu, ukitoa ile lenzi unakuta sensa yenyewe (ile inayonasa mwanga na kuugeuza picha) kadude kadogo kanang'aa, ukucha wa kidole gumba unakafunika kote, sasa pikseli milioni 200 (vidoti vya kunasa mwanga, ndo hizo megapikseli 200) zikibanana humo kila moja inaambulia mwanga kiduchu, ndo maana gizani simu inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na picha inatoka ya megapikseli 12.5 (hilo kwenye boksi hawaliandiki kubwa ng'o). Kinachobeba usiku ni ukubwa wa sensa na lenzi inayopitisha mwanga wa kutosha. Hivi kuna mtu humu kashalinganisha picha za gizani, ya 200 na ya 12?