Linki za utafiti ziondoke kwenye WhatsApp

Ukitaka kujua utafiti wa mwanafunzi utafika wapi, tazama anavyotunza linki zake. Wengi huzitupia kwenye grupu la darasa, katikati ya michango ya harusi na ratiba ya mtihani, na wiki ikipita hakuna anayeziona tena. Wewe msimamizi unakuja kukutana nazo kwenye orodha ya marejeleo, wakati mambo yameshaharibika.

Mimi wanafunzi wangu nawaweka kwenye maktaba ya pamoja ya Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Mwanafunzi akikuta makala anabofya. Jina la mwandishi na mwaka vinaingia vyenyewe, kundi zima linaona. Kubofya hata mtoto anaweza. Ninachodai ni sentensi mbili chini ya kila linki: makala inasema nini, na wewe unaitakia nini.

Chukua kikundi kinachochunguza kilimo cha mwani Zanzibar. Mmoja anahifadhi ripoti na kuibandika lebo "muhimu". Muhimu kwa nani? Mwenzake anaandika "Paje", "wanawake", "joto la bahari", halafu anaeleza kwamba maji yakipata joto mwani aina ya kottonii ndio unaokufa, wakulima wanabaki na aina ya spinosamu ambayo bei yake ni ya chini. Huyo tayari ana hoja, na pendekezo la utafiti hajaligusa.

Walimu wenzangu wanasema nawafundisha kudesa. Linki wadese tu! Maktaba inaonyesha nani kaweka nini, na maelezo yaliyofanana neno kwa neno yanajianika yenyewe. Wengine wanasema bando la mwanafunzi litaisha. Hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa hiyo mafaili ya PDF hatupakii. Tena nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili Zotero ni MB 300 tu, ila linki na maelezo haziili.

Kingine, msiiamini huduma yoyote kupita kiasi. Delicious, huduma ya kuhifadhi linki mtandaoni iliyoanza 2003 na kununuliwa na Yahoo mwaka 2005, ilipita mikono kadhaa, na 2017 ikafungiwa kupokea linki mpya. CiteULike, huduma kama hiyo iliyopendwa sana na watafiti, ilifungwa 2019. Kwetu kila muhula ukiisha kiongozi wa kikundi anapakua nakala ya maktaba nzima, anaiweka kwenye flashi, na nyingine ananitumia kwa baruapepe.