Kumbe Goti Langu Lina Baraza

Nalalamika, sikatai. Lakini mngekuwa na goti kama hili langu la kushoto, na nyumba ya ghorofa hapa Mkomani, mngenyamaza? Babu aliyeijenga, Mungu amrehemu, nadhani alikuwa na miguu ya mbuzi. Kila kipago cha ngazi kinanifika kwenye goti. Juzi nimepanda mpaka juu, nimefika, nimesahau nilichokifuata. Nikashuka. Chini ndiyo nikakumbuka: nilifuata dawa ya goti.

Sasa yupo binti wa ndugu yangu, kaja likizo, anasoma baiolojia chuo kikuu. Nikamwuliza kwa nini goti la mtu lichakae kabla ya ulimi wake. Nilichotaka ni anionee huruma, anichue kwa mafuta kidogo. Yeye akavuta kiti, akakaa.

"Ami, seli kuzeeka si tatizo sana. Tatizo zikishazeeka zinasema mno."

Akanieleza. Seli, zile chembe hai ndogo zinazoujenga mwili, hugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Zamani wataalamu waliamini ukizilea kwenye chupa zitagawanyika milele. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, Leonard Hayflick, akaonyesha kuwa za binadamu hufika mara 40 hadi 60 hivi, kisha basi. Ndani ya seli kuna nyuzi zinazobeba urithi, kromosomu, na kwenye ncha zake kuna vifuniko, telomea, na kila mgawanyiko vinapungua, kama kamba ya jahazi inavyofumuka nchani. Vikipungua sana, seli inastaafu. Haigawanyiki tena, lakini kufa haifi.

"Na kula?"

"Inakula, Ami. Tena inanenepa."

"Na kazi yake?"

"Kusema na majirani."

Yaani inamwaga vitu nje. Kuna protini za kuchochea uvimbe, mojawapo intaleukini-6. Kuna vimeng'enya vinavyotafuna zile nyuzi zinazoshikilia seli mahali pake, sawa na mtu anayekaa kwako huku akikuchokonoa ukuta. Hutuma hata vifuko vidogo mno, vimefungwa ujumbe ndani. Na seli changa ya jirani, isiyo na kosa, ikisikiliza maneno hayo muda mrefu, nayo inazeeka! Mwaka 2008 Judith Campisi na wenzake huko Marekani waliyapa maneno hayo yote jina moja refu, ambalo kwa meno niliyobakiza halitamkiki.

Nikapiga paja, lile zima. Wallahi hilo ni baraza letu!

Sisi tunakaa pale tangu Alasiri. Hatufanyi kazi, hatuondoki, kahawa tunakunywa. Mwenzetu mmoja, nimsitiri jina, Jumatatu alianza kulalamikia kiuno. Jumatano aliyekaa kuliani kwake, mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akivuta ngalawa mchangani peke yake, akaanza kujinyoosha. Kufika Ijumaa hakuna anayeinuka bila "Yallah!" Hata muuza kahawa, kijana wa miaka 30, siku hizi anainama kwa mafungu.

Nikamwuliza binti kama seli hizo hazina faida hata moja, maana nilihisi ninatetea watu wangu. Akasema ipo. Ukijikata, hujitokeza kwenye jeraha kwa siku chache, kelele zao ndizo zinazosaidia ngozi izibe. Na seli iliyoharibika, ambayo ingeweza kuwa saratani, ikistaafishwa haizai. Baada ya hapo askari wa kinga ya mwili huja kuzisomba. Shida, umri ukienda askari nao wanazembea, seli zinajazana. Hapo nikanyamaza kidogo. Zamani ikifika Magharibi mtoto alitumwa barazani kutuita nyumbani. Siku hizi hatumwi mtu.

Mwaka 2011, anasema, Wamarekani walichukua panya waliofanywa wazeeke upesi, wakaziondoa seli hizo, na macho na misuli yao ikachelewa kuharibika. Nikamwambia nitafutie hiyo dawa leo hii. Akasema kwa watu bado wanazijaribu, nisije nikanunua kitu kwa mchuuzi. Kisha akafanya kosa la kutaja kwamba moja ya zinazojaribiwa, kwasetini, imo pia kwenye vitunguu. Aliposema kipimo cha majaribio si cha kachumbari nilikuwa nimeshamtuma mtoto kilo mbili. Mke wangu haniulizi kuhusu goti tena. Analala dirishani.

Jana nimewaeleza wenzangu haya yote barazani. Wamesikiliza vizuri, halafu kila mmoja akataka kusimulia goti lake, kwa zamu, na mengine mawili ya shemeji zao. Kijana mmoja alikuwa akipita na punda wake, magunia ya mchanga mgongoni, akasimama kupumzika. Akakaa ncha ya baraza, robo saa tu, akisikiliza kwa adabu. Alipoinuka kwenda zake akashika kiuno.

"Ash!"

Punda akamtazama. Naye akagoma.