Dripu moja ya dola elfu nne na jipu la Makete

Kati ya Mei na Agosti 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa tatu mpya za kuua bakteria wa maambukizi ya ngozi na tishu laini: dalbavansini, tedizolidi na oritavansini. Tangu hapo zimeongezeka nyingine. Aliye Mbeya ana haki ya kuuliza zinamhusu nini.

Wanaojibu kwamba hazimhusu wana hoja nzito. Kwa kampuni, maambukizi ya ngozi ni njia nyepesi ya kupatia kibali cha dawa. Wagonjwa hawatafutwi kwa tochi, kidonda kinaonekana kwa macho, na mwongozo wa FDA wa 2013 unataka kuona eneo lililoathirika limepungua kwa angalau asilimia 20 ndani ya saa 48 hadi 72. Wala dawa mpya hailazimiki kuishinda ya zamani. Inatosha isizidiwe nayo kupita kiwango kilichokubaliwa. Matokeo yake tuna dawa nyingi zinazofanana, na bei ndiyo inayopanda.

Isitoshe, tiba ya kwanza ya jipu ni kulipasua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulilinganisha watu waliopasuliwa majipu: waliopewa vidonge visivyo na dawa walipona asilimia 73.6, waliopewa septrini asilimia 80.5. Faida ipo, lakini sehemu kubwa ya kazi ilishafanywa na kisu. Tena septrini ya Marekani si lazima ifanye vilevile Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, na wengi wao wameimeza kila siku kama kinga. Bakteria nao wameizoea.

Halafu kuna hali ya mtaani. Kijana kajikata na jembe mpungani huko Usangu. Anapita dukani, ananunua vidonge vichache vya rangi mbili, anafungua kapsuli na kumwagia unga kidondani. Unga unashikana na damu, unakuwa gamba. Juu pakavu, chini usaha. Akifika zahanati, mguu umeshavimba hadi gotini na hakuna wa kuuotesha usaha huo ajue ni mdudu gani na anauawa na nini. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili wananchi wahudumiwe na muuzaji aliyefundishwa, na kwa hilo yamesaidia sana, ila muuzaji hana maabara nyuma ya kaunta. Ingiza dawa mpya katika mazingira hayo, nayo itatolewa kwa kubahatisha kama zilizotangulia.

Mpaka hapo ningesema tujenge maabara kwanza, mengine baadaye. Kuna mambo mawili yanayonizuia.

La kwanza ni dalbavansini yenyewe. Inakaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dripu moja ya nusu saa inaweza kuwa ndiyo tiba nzima. Vankomaisini, dawa ya zamani ya kudungwa, inamlaza mgonjwa siku kadhaa, akichomwa mara mbili au zaidi kwa siku. Fikiria mkulima wa Makete wakati wa kupalilia viazi: kulazwa Mbeya mjini ni nauli, ni ndugu wa kumpikia, ni shamba kuota magugu. Kwake dripu moja ingekuwa na thamani kuliko kwa mgonjwa wa Chicago. Ila ilipoingia sokoni Marekani, tiba hiyo ilizidi dola 4,000.

La pili ndilo lililonishawishi zaidi. Linezolidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa nimonia na maambukizi ya ngozi, haikukusudiwa kifua kikuu. Leo ni nguzo ya tiba ya TB sugu. Taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kituo cha Mbeya, imo katika PanACEA, mtandao wa majaribio ya dawa za TB uliowahi kuifanyia majaribio sutezolidi, dawa ya ukoo huohuo, kwa wagonjwa wa TB. Anayesema dawa za ngozi zimetosha angeweza kuyasema hayohayo mwaka 1999.

Tatizo ni nani analipa. Kampuni ya Melinta, wenye dawa ya delafloksasini iliyoidhinishwa kwa ngozi mwaka 2017, waliomba kinga ya mufilisi Desemba 2019. Dawa mpya nzuri hufungiwa kabatini bakteria wasiizoee, na dawa ya kabatini haiuziki. Uingereza ilianza mwaka 2022 kulipa hadi pauni milioni 10 kwa mwaka kwa kila dawa iliyochaguliwa, itumike isitumike. Ni mpango wa akili, lakini unahakikisha dawa kwa mgonjwa wa Uingereza.

Kwa hiyo naunga mkono fedha za umma ziendelee kutafuta dawa hizi, ila kwa masharti yanayowekwa mapema. Majaribio mengi ya ngozi yamefanyika Marekani na Ulaya Mashariki, na upande wa Marekani wengi walikuwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Mguu wa mpungani haumo. Mbeya imeshaonyesha kwenye TB kwamba majaribio yanawezekana hapa. Wachukuliwe wagonjwa wa Usangu na Makete, na bei ya nchi kama yetu iandikwe kwenye mkataba kabla mgonjwa wa kwanza hajachomwa sindano. Kampuni ikishapata kibali, haina sababu tena ya kutusikiliza.